Sungura Mnono Naye Ana Ugomvi Wake

Nyumbani tumezoea kusikia mashindano yamekwama kwa kukosa hela: timu haina nauli, waamuzi hawajalipwa, mdhamini kajitoa. Kwa hiyo nilipohamia Ohio na kukuta chuo kikuu chenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000, wakati Uwanja wa Mkapa unachukua 60,000, niliona suala la kumpata bingwa huku haliwezi kuwasumbua. Kumbe futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, kwa vyuo vikubwa ilikaa zaidi ya miaka 100 bila mtoano wowote, na kilichozuia ni fedha. Tena fedha zilizopo.

Msimu uliisha kwa mechi za heshima kwenye miji yenye joto wakati wa baridi. Rose Bowl ya California ilianza 1902. Kamati za miji hiyo zilikula tiketi, hoteli zikajaa, na bingwa akapatikana kwa kura za waandishi na makocha. Chuo kilichoalikwa kililazimika kununua maelfu ya tiketi kikaziuze chenyewe. Chuo cha Connecticut walikwenda Fiesta Bowl, mojawapo ya mechi hizo, Januari 2011, tiketi nyingi zikawadodea, wakapata hasara ya zaidi ya dola milioni 1.5. Na uwanjani wakafungwa 48 kwa 20.

Kwa nini wasiweke mtoano, na televisheni ziko tayari kulipa? Ukiwauliza wakubwa wa vyuo walisema masomo yangevurugika. Lakini wacheza kikapu wa vyuo hivyohivyo hucheza mtoano kila Machi, na sijasikia mkuu wa chuo akililia vipindi vyao. Tofauti iko kwenye mgao. Mtoano wa kikapu unauzwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, na fedha zake huwafikia hata wadogo. Kwenye futiboli, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1984 kwamba NCAA haiwezi kuhodhi matangazo ya televisheni, na tangu hapo vyuo vikubwa vinajiuzia kupitia ligi zao. Mtoano ungewaleta mezani na vyuo vidogo kumgawana sungura. Wakubwa wakaona heri wabaki na sungura mdogo wanayemshika wenyewe. Hata Obama alisema mwaka 2008 anataka mtoano wa timu nane. Wa timu nne tu ulianza msimu wa 2014.

Na hizo nne zilichaguliwa na kamati ya watu 13. Mwaka 2017 chuo cha Central Florida, cha ligi ndogo, kilimaliza msimu bila kupoteza mchezo, kikaachwa nje. Hapo nilimkumbuka Namungo. Timu ya Ruangwa, Lindi, msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ikafika fainali ya kombe la shirikisho 2020, na kwa kuwa Simba alishakuwa bingwa wa ligi, Namungo akaenda Afrika na kufika makundi. Hakuna kamati iliyokaa kujadili kama Ruangwa inauza matangazo. Na sungura wetu alikuwa mdogo kweli: mkataba wa televisheni wa Azam na TFF, shirikisho letu la soka, wa 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ulikuwa haufiki hata dola milioni 100.

Tangu 2024 mtoano wa huku una timu 12, na mdogo anapata nafasi kidogo. Mlango umefunguliwa baada ya mgao kupangwa: kwenye mkataba mpya wa televisheni ya ESPN unaoanza 2026, ligi mbili kubwa, Big Ten na SEC, zinabeba zaidi ya nusu.

Ninachohofia ni kwamba tabia hii imeshapiga hodi kwetu. Oktoba 2023 ligi mpya ya Afrika ya klabu nane ilifunguliwa Dar es Salaam, Simba akatoka 2-2 na Al Ahly. Mimi ni Simba, nilishangilia hadi sauti ikakauka. Ila bingwa wa Tanzania alikuwa Yanga, tena aliyecheza fainali ya Shirikisho Afrika mwaka huohuo, na hakuwemo. Watani walinuna, na safari ile, kwa shingo upande nakiri, walikuwa na haki ya kununa.