Kiapo cha Mjomba

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ina kifungu cha 214(b), ambacho kwa lugha ya mtaani kinasema hivi: ukiomba viza ya matembezi, tunakuhesabu kuwa unakuja kuhamia mpaka wewe mwenyewe utushawishi kuwa sivyo. Sasa nihurumieni. Viza yangu ya matembezi ilikuwa imeisha muda, nataka nyingine nikamwone mke wangu wiki tatu nirudi kazini. Na mke wangu, raia wa huko, alikuwa ameshaniombea kuhamia kwa fomu I-130. Faili moja linasema nahamia, jingine linaapa naenda kusalimia tu.

Kuficha haiwezekani. Fomu ya viza, DS-160, inakuuliza kavukavu kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji, na uongo wa makusudi pale unaweza kukufungia mlango maisha. Nikajaza "Ndiyo". Nikalipa dola 185, ambazo hazirudi hata ulie machozi ya damu. Wajuzi waliniambia ombi la mke halikunyimi viza moja kwa moja, ila mzigo wa kuthibitisha kuwa utarudi unakuwa mzito zaidi. Basi nikakusanya: barua ya mwajiri, hati ya kiwanja, pasipoti ya zamani yenye mihuri ya kila niliporudi nyumbani.

Hapo ndipo Mjomba alipoingia kazini. Mjomba ni karani mstaafu, na karani mstaafu hawezi kuona karatasi zimezagaa mezani akalala usingizi. Alinunua bahasha mbili za kaki. Moja ya ushahidi wa kurudi. Nyingine ya kumtumia mke wangu kwa ajili ya faili lake, maana kule nako wanataka kuhakikisha ndoa si ya kuigiza: picha za harusi, viapo vya watu wanaotufahamu. Kiapo kimoja alikiandika yeye, kwa Kiingereza cha ofisini, na hakuniruhusu kukisoma. Bahasha akazibandika gundi, akaandika "Na. 1" na "Na. 2" kwa kalamu nyekundu.

"Mpwa wangu, ya ubalozini ni namba moja," akanihakikishia.

Dirishani nilikuta afisa mpole, mwenye sauti ya kuchoka.

"Mkeo amekuombea uhamie?"

"Ndiyo, bwana. Na ombi lile likikubaliwa nitafuata utaratibu wake. Safari hii naenda wiki tatu tu, nina kazi, narudi."

"Una chochote cha kuonyesha?"

Maofisa wengi, nasikia, hawagusi hata karatasi moja. Wangu alizitaka. Nikapitisha bahasha namba moja chini ya kioo kwa madaha yote. Akaichana. Ya kwanza kutoka ilikuwa picha yangu nikilishwa keki, krimu hadi puani. Ya pili, mimi nalia uwanja wa ndege. Kisha akakunjua kiapo, akaanza kukisoma, tena kwa sauti:

"Mimi, mjomba wa mhusika, naapa kwamba kijana huyu tangu mkewe aondoke hali chakula vizuri, kazini yupo mwili tu, na hapa nyumbani hakuna kitu chochote kinachomshika."

Mtu wa dirisha la jirani aligeuka kunitazama.

"Hii si yenyewe," nikasema. "Yenyewe iko nyumbani."

"Mjomba wako anaandika vizuri," akajibu, akanirudishia pasipoti pamoja na karatasi ya kunyimwa viza kwa kifungu kile cha 214(b). Haina rufaa, ukitaka unaomba upya na kulipa upya.

Mjomba alinisubiri nje, kasimama wima kama mtu aliyepeleka mtoto kwenye mtihani. Nilipomweleza, hakutikisika. "Namba moja ni ndoa," akasema, "tangu lini kiwanja kikatangulia ndoa? Na mimi nilisema ya ubalozini ni namba moja kwa sababu ubalozini wanapenda ukweli."

Mke wangu akapiga simu, nikaweka spika.

"Shikamoo Mjomba. Vipi, amepata?"

"Marahaba, mkwe wangu. Hajapata, lakini usijali," Mjomba akasema, tayari kalamu nyekundu iko mkononi. "Namwandikia kiapo kingine sasa hivi, cha kuonyesha kwamba hakupendi kiasi hicho."