Forodha ni kazi ya muuzaji kabla haijawa mzigo wa mteja

Kuna sentensi fupi ambayo maduka mengi ya mtandaoni huiweka chini kabisa ya ukurasa wa malipo: "Ushuru na kodi ni juu ya mnunuzi." Muuzaji akishaiandika anahesabu kwamba amemaliza. Mteja analipa na kusubiri, halafu siku ya kupokea mzigo anadaiwa ushuru, kodi ya ongezeko la thamani, na juu yake ada ya msafirishaji kwa kumtolea mzigo forodhani. Wapo wanaolipa huku wamekasirika. Wapo wanaokataa, na kifurushi kinarudishwa au kinateketezwa. Kisha muuzaji analalamika kuwa wateja wa nje ni wasumbufu. Kwangu mimi, mteja huyo hana kosa lolote.

Katika nchi nyingi, mwenye deni la ushuru mbele ya sheria ni anayeingiza bidhaa. Hilo silipingi. Lakini taarifa zinazozaa deni hilo anazo nani? Bidhaa imetengenezwa kwa kitu gani, imetengenezwa nchi gani, ina uzito gani, imeuzwa bei gani: yote hayo anayajua muuzaji. Mfumo wa HS wa kuainisha bidhaa, wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988, huipa bidhaa msimbo wa tarakimu sita, kisha kila nchi huongeza zake kupanga viwango vya ushuru. Mfumo huo ni mpekuzi kweli. Fulana ya kitambaa cha vitanzi kinachovutika huingia sura ya 61. Shati la kitambaa cha mtande na mshindio huingia sura ya 62. Mteja aliyeona picha tu atajuaje?

Ndiyo maana nasononeka ninapoona tamko la forodha limeandikwa "nguo", "vipuri" au "sampuli". Andika "shati la kiume, pamba 100%", taja nchi lilikotengenezwa na thamani yake, weka msimbo. Kwa njia ya posta fomu ni CN22, au CN23 mzigo ukiwa wa thamani kubwa zaidi, na kuijaza kwa kalamu pekee hakutoshi tena: tangu Januari 2021 Umoja wa Posta Duniani unataka taarifa za vifurushi vyenye bidhaa zitangulie kwa njia ya kielektroniki. Maelezo yakiwa ya juujuu, mzigo unaweza kuzuiwa hata kabla haujapakiwa kwenye ndege.

Halafu kuna ombi ambalo kila anayeuza nje hulisikia: "Naomba uandike zawadi." Au, "punguza bei kidogo kwenye ankara." Huombwa kwa upole, na kukataa kunauma kwa sababu mtu huyo ni mteja wako. Kataa hata hivyo. Nafuu ya zawadi ni ya vitu ambavyo mtu binafsi anamtumia mtu binafsi bila malipo, tena ina kikomo: yuro 45 katika Umoja wa Ulaya, pauni 39 Uingereza. Kitu kilichouzwa hakiwi zawadi kwa sababu fomu imesema hivyo. Ni tamko la uongo, na jina lililo chini yake ni la kwako. Mzigo ukipotea, thamani uliyoishusha ndiyo itakayotazamwa unapodai fidia.

Serikali zenyewe zimekuwa zikielekea huko ninakotaka wauzaji waende: kodi ishughulikiwe mapema, kabla mzigo haujamfikia mteja. Tangu 1 Januari 2021, mizigo inayoingia Uingereza yenye thamani isiyozidi pauni 135 hutozwa kodi ya ongezeko la thamani wakati wa kuuza, si mpakani. Julai mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi hiyo kwa mizigo ya hadi yuro 22, ukaanzisha mfumo wa IOSS unaomwezesha muuzaji kuikusanya mapema kwa mizigo isiyozidi yuro 150. Marekani ilikuwa ikipokea bila ushuru mizigo ya hadi dola 800. Nafuu hiyo ilisitishwa kwa nchi zote 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta yakasimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko kwa kuwa hayakuwa na njia tayari ya kukusanya ushuru huo.

Najua mzigo huu unamlemea zaidi mwenye duka dogo. IOSS kwa muuzaji aliye nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hudai mwakilishi, naye hulipwa. Hapo naona sheria zimewafikiria wakubwa. Lakini njia zipo: soko kubwa la mtandaoni mara nyingi hulazimika lenyewe kukusanya kodi hiyo kwa niaba yako, na wasafirishaji wengi wana huduma ya DDP, ambapo muuzaji hulipia ushuru na kodi zote hadi mlangoni kwa mteja. Zaidi ya hayo, hakuna aliyekulazimisha kuuza dunia nzima. Chagua nchi mbili tatu, zisome sheria zake vizuri, uwe na uhakika wa gharama zake, na umwonyeshe mteja jumla yote kabla hajalipa. Nchi ambayo huwezi kuikadiria gharama zake, iondoe kwanza kwenye orodha ya unakotuma mizigo.