Mnyama kaliwa na mnyama

Haya, najua wengi mmeshaisikiliza ile voisi ya Mwenyekiti wa safari inayozunguka kwenye magrupu ya watsap, anasimulia eti nililia usiku kule kambini, muda wote anacheka tu hata maneno hayasikiki vizuri. Imefika mpaka Morogoro. Shangazi yangu wa Kihonda kanipigia saa za usiku huko kwao, hajanisalimia, kaniuliza tu, "Mwanangu, huko Marekani mnakula nini?" Kwa hiyo naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza kabisa SIKULIA. Nilipiga kelele. Kulia ni kitu kingine.

Tulikwenda Shenandoah, ile hifadhi ya milimani Virginia. Sisi wa DC na Maryland ndiyo ya jirani yetu, maili kama 75 mpaka Front Royal, halafu unaingia Skyline Drive kwa mwendo wa maili 35 kwa saa mpaka uzeeke. Nafasi za kambi Big Meadows watu wanawahi miezi sita kabla, na kwenye hilo Mwenyekiti nampa haki yake, aliwahi. Ila hakutuambia habari ya baridi. Mwisho wa Aprili huku chini watu wako na kaptula, maua ya cherry yameshadondoka zamani, kule juu ni futi 3,500 na kitu, miti mingine haina hata jani moja na ukungu umejikalia tu hauna haraka. Nilivaa soksi mbili mbili na kikoi juu ya suruali. Kikumbukeni hicho kikoi.

Sasa njiani nilikuwa natoa lekcha. Mimi mtoto wa Moro bwana, barabara ya Iringa inakata katikati ya Mikumi kilomita 50 nzima, tembo nimewaona, nyati nimewaona, twiga ndiyo usiseme, leo mje mnitishe na dubu mweusi anayeshindia majani na matunda? Ambacho sikukigusia kwenye lekcha ni kwamba wote hao niliwaonea dirishani kwenye basi, mkononi nina hindi la kuchoma na konda ananidai nauli.

Na masharti yote tulifuata, hilo Mwenyekiti hakulisema. Kuni tulinunua kule kule dukani kwao, maana huruhusiwi kujibebea kuni za kwako kutoka nje kama hazijathibitishwa, wanaogopa wadudu wanaomaliza miti. Chakula chote tulifungia kwenye gari, nyama, mikate, mpaka dawa ya meno na losheni, maana dubu anafuata harufu. Bango lilisema ukikutana naye usikimbie, rudi nyuma taratibu, piga kelele ajue upo. Nikalisoma kwa sauti, nikawatafsiria na wengine.

Jasho ndilo bango halikuligusia. Mchana tulishuka maporomoko ya Dark Hollow, kushuka raha, kupanda ndiyo utajua baba yako ni nani, nikarudi jezi imelowa chapachapa. Jezi yangu ya Simba, ile nyekundu. (Watu wa Yanga tulieni, sijafika.) Nikaianika kwenye kamba mbele ya hema, nikaingia kwenye lile begi la kulalia la kujifunga zipu mpaka shingoni, ukilala inabaki pua tu.

Saa nane usiku nasikia kitu nje. Pumzi. Pumzi nzito, halafu kimya, halafu kama mtu anakohoa kidogo hivi, khh. Na mimi nilivyolelewa, mtu mzima akikohoa nje ya mlango wako unaitika. Nikaitika. Nikasema, "Karibu."

Kimya.

Nikaongeza, "Pita tu, nani?"

Nikasikia krrrp. Krrrp. Kitambaa kinachanika. Nikatoa mkono mmoja juu ya begi, nikashusha zipu ya hema upana wa vidole viwili hivi, nikawasha tochi ya kichwani. Ukungu mweupeee. Katikati ya ukungu naiona jezi yangu. Haipo kwenye kamba. Imesimama yenyewe usawa wa kifua cha mtu, mkono mmoja unaning'inia, na juu ya kola kuna macho mawili yanawaka. Naangalia vizuri, jezi inatafuna. Jamani, jezi inatafuna! Taratibu, bila wasiwasi wowote, taya linakwenda kushoto, linarudi kulia, ile nembo ya klabu kifuani inaingia mdomoni kidogo kidogo na macho yananiangalia mimi.

Hapo bango lote likafutika kichwani. Nikasema "mama" (mara moja, siyo mara kumi kama inavyodaiwa), nikavuta zipu ya begi nitoke, zipu imeng'ata kikoi. Navuta, haiji. Nikainuka hivyo hivyo nimo ndani ya begi, nikachana mlango kwa kichwa, na yule kiumbe akanipigia bonge la chafya usoni, PFYUUU! Basi nikaanza kuruka. Mnazikumbuka mbio za magunia za shule ya msingi? Ndiyo hizo, ila usiku, kwenye nyasi zenye umande, miguu imefungwa mkono mmoja uko nje, tochi inamulika mbingu na ardhi, naruka huku napiga kelele "Jeziii! Jezi inatafunaaa!" kwa Kiswahili, katikati ya Virginia. Nikavuka kambi yetu. Nikavuka meza ya watu. Kamba ya hema la jirani sikuiona, nikaenda nayo mzima mzima, hema likashuka juu ya wazee wawili wa Kimarekani waliokuwa wamejilalia zao.

Na hapa ndipo voisi ya Mwenyekiti inapokatika ghafla, mjiulize kwa nini. Maana shujaa wenu aliposikia kelele hakutoka. Aliminya alamu ya gari akiwa ndani ya hema lake, honi ikalia weee mpaka kambi nzima ikawa macho, wakati sheria ni kimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Kilichofuata ni kifupi. Akaja askari wa hifadhi, akamulika, kulungu jike hana hata pembe, na wenzie wawili pembeni wanasubiri zamu. Wanapenda chumvi, jasho kwao ni kitoweo, nguo kama zile zinafungiwa ndani ya gari. Tukawasimamishia wazee hema lao, bibi akanipa chokoleti ya moto na kunifungulia zipu, mumewe akawa anacheka amegeuka pembeni. Asubuhi watoto wa kambi ya jirani wote wanaruka miguu pamoja. Tukafunga vitu, tukaondoka mapema.

Wanapanga kurudi Oktoba kuangalia majani yakibadilika rangi. Hela yangu nimeshatoa, nitakwenda, ila nalala kwenye gari na funguo nakaa nazo mimi.

Kama kuna mtu anatoka Dar mwezi ujao naomba aniletee jezi ya Simba, saizi L, hela natuma leo leo. Yanga msinijibu.