Gari Inanusa Mafuta, Ila Ina Mafua

Aliyeniuzia hii gari hakuwa na maneno mengi, aligonga boneti mara mbili akasema, "Kaka, hii hainywi mafuta, hii inanusa tu." Afu akanyamaza, akaniacha nimalizie mwenyewe kichwani, na mi nikamalizia vizuri sana, nikajiona napita sheli nawapungia mkono tu wale vijana wa pampu.

Ni haibridi, yaani gari ya injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, mkono wa pili, au wa tatu, kwenye hayo mambo nani anasema ukweli. Nikajaza tenki, nikarudisha kilomita kwenye sifuri, nikaendesha wiki mbili kwa raha zangu, nikajaza tena, nikagawanya. Kilomita 13 kwa lita. Nikagawanya upya maana mi na hesabu hatujawahi kuelewana toka shule. 13. Sasa ile gari yangu ya zamani, isiyo na betri yoyote zaidi ya ile ya kuwashia, ilikuwa inanipa 12. Yaani nimeuza gari, nimeongeza hela juu, nimesaini makaratasi mpaka mkono umekufa ganzi, nimepata kilomita moja. Kilomita moja hata kwa mguu naipata.

Na huwezi kusema labda hii teknolojia bado changa. Prius ya kwanza, ile haibridi ya Toyota, ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, mtoto aliyezaliwa mwezi ule saa hizi na yeye anatafuta gari la kununua. Kwa hiyo mwenye shida ni mimi, ndo nikaanza kukitazama kile kioo cha kwenye dashibodi.

Kile kioo ni ugonjwa jamani. Kuna mishale inatoka injini kwenda tairi, mingine inatoka tairi kurudi betri, na kuna kitaa cha kijani kinawaka EV gari ikienda kwa umeme mtupu. Nikagundua ukikanyaga kwa adabu kile kitaa hakizimi, nikasema basi siri ndo hii, nikaanza kuendesha kama nimebeba maji kwenye sinia, spidi 20, spidi 25, huko nyuma watu wanapiga honi hadi wamechoka, siku moja baba mmoja wa baiskeli akanipita, akageuka akaniangalia kwa huruma kama mtu anayetaka kuuliza nisaidie kusukuma. Sikujali. Kitaa kinawaka.

Mwendo kidogo tu betri imebaki vijimstari viwili, gari ikaamua yenyewe, nimesimama zangu kwenye taa sijamgusa mtu, injini ikawaka ikaanza kunguruma inailisha betri. Nachoma mafuta nikiwa nimesimama! Hapo ndo nikakaa nikafikiri kama mtu mzima: hii gari haichomekwi ukutani, sasa umeme wake unatoka wapi? Si ni mafuta yale yale. Petroli inaingia injini, injini inazungusha jenereta, jenereta inapeleka betri, betri inampa mota, mota ndo anazungusha tairi, na kila aliyepo hapo katikati anakata cha kwake, utadhani madalali wa viwanja. Umeme wa afadhali ni ule unaookotwa ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, maana ule mwendo ulishaulipia, ungepotea bure kwa joto la breki. Sasa mtu wa spidi 20 anaokota nini.

Kumbe injini za hizi gari hazipendi kutekenywa, zinapenda zikiwa zinafanya kazi zipewe kazi ya kueleweka. Unaondoka kwa mguu wa wastani, sio wa fujo, sio wa kunyata, ukifika spidi unayoitaka unaachia kidogo gari ielee, na breki unaianza mapema, taratibu, kwa sababu ukija kuikanyaga dakika ya mwisho kwa nguvu zile breki za kawaida ndo zinachukua kazi kubwa na kinachorudi betri kinakuwa kidogo.

Nikabadilika. 13 ikawa 14. Mwezi mzima wa nidhamu, kilomita moja.

Hapa kuna kitu nataka nikiri na naomba kisitoke nje. Kwenye gia kuna herufi B. Nani asingejua B ni betri? Mi nilijua kabisa B ni ya betri, ukiweka hapo unachaji, tena nikawa nawashangaa watu wanaoendesha kwenye D, ile gia ya kawaida ya kwenda mbele, kama hawasomi. Nimetembea na B mjini wiki nzima najisifu. B ni ya mteremko mrefu, injini inazungushwa ili izuie gari, yaani ule mwendo niliokuwa nimeulipia nilikuwa nauponda kwa makusudi. Nilipogundua nikahamia tabia yangu ya zamani, mteremko ukifika naweka N, yaani gia huru, gari inashuka yenyewe, si ndo ujanja wa wazee? Nayo kumbe kwenye haibridi ukiweka N ule umeme wa kuokota hauokotwi kabisa. Basi gari ina herufi chache tu na mi nilifanikiwa kuchagua zote za hasara kabla ya kurudi D.

Tairi nikajaza upepo kwa namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, zilikuwa chini zote nne. Buti nikatoa mzigo ambao sikumbuki niliupakia lini, ukiwemo mfuko wa saruji ulioshikana ukawa jiwe. Nikaacha pia ule mchezo wa kumsubiri mtu nimewasha eisii nimelala, maana kila baada ya muda injini inaamka kuilisha betri na we uko usingizini unaota uko baharini. Ikafika 15. Hapo nikagota.

Sasa muda wote huo mama watoto, ambaye anakaa nyuma na mtoto mdogo, alikuwa ananiambia, "Baba Nanii, huku nyuma kuna kitu kinavuma, kama mtu anakausha nywele." Na mi namjibu, "Subiri kwanza, naangalia mshale." Mwezi mzima kila akisema vuma, mi nasema mshale.

Nikaenda kwa fundi. Wa kwanza hata boneti hakufungua, akanisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya, akasema betri kubwa imekufa, agiza nyingine, ila kabla sijakutajia bei kaa chini. Nilivyoona naletewa na kiti kabisa, nikaaga.

Wa pili kijana mdogo tu, akaniuliza swali moja. "Siti ya nyuma anakaa nani?"

Nikamwambia watoto. Akacheka peke yake akaenda kufungua mlango wa nyuma. Pembeni ya siti, pale chini karibu na mlango, kuna kitundu chenye mbavu mbavu za plastiki. Mi siku zote nilijua ni spika. Wallahi, nimeshawahi hadi kuinamisha sikio pale nikasema hii spika ya upande huu imekufa, nitaibadilisha hela ikipatikana. Kumbe ile ndo pua. Betri ikiingiza na kutoa umeme inapata joto, kuna feni inavuta hewa ya humu humu ndani kupitia kale kadirisha kuipooza, pakiziba betri inachemka, kompyuta ya gari inaihurumia, inapunguza umeme inaoupokea na inaoutoa, kazi yote anarudishiwa injini. Kwa hiyo mi naachia mafuta mapema, nakanyaga breki kama naibembeleza, naokota umeme kwa mapenzi yote, na nyumbani hawapokei wageni.

Ile mibavu, ukiwa na miaka minne, imetengenezwa kabisa kwa ajili ya kuchomeka vitu. Zilitoka karatasi za pipi, zimekunjwa vizuri kama bahasha. Ikatoka kalamu ya rangi ya bluu. Ikatoka soksi moja, ndogo, ambayo ilishawahi kusababisha kesi nyumbani na msichana wa watu akasingiziwa. Nikataka kusaidia nikashika bisibisi, kijana akanigonga mkono, "Mzee, zile nyaya za rangi ya chungwa unaziona?" Nikarudi nyuma. Ndo zinazobeba umeme wa betri kubwa, na kwa mfano Prius za kizazi cha 2 na cha 3 betri yake ni volti 201.6, sio za kushikwa na mtu anayejua B ni betri. Akavaa glavu, akachomoa plagi ya usalama, akasubiri, akafungua hadi kwenye feni.

Feni yenyewe haikuonekana. Kulikuwa na kitu cha kijivu, laini, kama paka amelala. Akakishika pembeni, kikatoka kizima, kina shepu ya feni kabisa, unaweza ukakivaa kama kofia. Akanipa mkononi.

"Gari inanusa kweli mzee, ila ilikuwa na mafua."

Tenki lililofuata nikapata 17. Lililofuata tena 18 na nusu, hiyo ni kwa kujaza na kugawanya, kioo chenyewe kinasema 20 lakini hicho nimeshakizoea, kinatia chumvi. Nikatangaza sheria nyumbani: siti ya nyuma hakuna pipi, hakuna biskuti, hakuna kuvua soksi, na ile sio spika. Wakakubali wote, hata yule wa miaka minne aliitikia kwa kichwa.

Jana asubuhi jua kali, nimetupa koti langu siti ya nyuma, naendesha, kitaa cha kijani kinawaka, mshale umekaa pale pale ninapoutaka, nakisifia kioo. Nyuma kukaanza kuvuma.

"Baba Nanii," mama watoto akasema, hata simu hakuiweka chini, "koti lako liko puani."

Nikaegesha pembeni nikaenda kulitoa.