Wanaodhani Ulaya hakuna keshi waje Ujerumani waone

Kila mtu wa nyumbani akipata viza swali la kwanza analonitumia ni nibebe hela vipi, na wengi wanauliza huku wameshajijibu, kwamba Ulaya bwana kila kitu kadi, keshi ni mambo yetu ya Bongo. Aisee. Mimi naishi Ujerumani na nawaambia kwenye hili la kulipa sisi Wabongo tumewaacha Wajerumani mbali tu, shida yetu iko kwingine nitafika huko.

Ingia duka dogo la mikate hapa, kaunta safi, keki zimepangwa, halafu pembeni ya mashine ya kahawa kuna kikaratasi kimebandikwa kwamba wanapokea keshi tu. Au mashine ya kadi ipo kabisa ila inapokea girocard, zile kadi za benki za humu humu, kadi yako ya Visa uliyokuja nayo kutoka Dar inagoma hata kama ina mamilioni na foleni nyuma inaanza kukohoa. Tangu korona wamebadilika kiasi, ila mtu akishuka eapoti hana hata sarafu mfukoni namhurumia. Na sio kwamba Ulaya yote iko hivi, London mabasi yaliacha kupokea keshi tangu 2014, unagusisha kadi au simu basi, na Sweden duka linaweza kukataa noti zako mchana kweupe. Kwa hiyo ukisema tu "naenda Ulaya" bado hujasema kitu, uliza nchi.

Sasa linganisha na kwetu. M-Pesa imeanza Kenya 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, leo bodaboda ana lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo kwa simu, muuza matunda ana lipa namba, shangazi yuko kijijini hajawahi kuingia benki lakini anapokea hela usiku wa manane. Huku ukimwambia mtu kwamba bibi yako anapokea hela kwenye simu ya batani hakuelewi. Ila tusijisifu sana, makato yetu yanauma, na nani amesahau ile tozo ya miamala ya 2021 mpaka serikali ikaipunguza baada ya watu kulia? Huku Ulaya kuhamisha euro kutoka benki moja kwenda nyingine mara nyingi ni bure, na tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinatakiwa zitume papo hapo bila kukuongezea gharama. Kwetu ukituma elfu hamsini unaambiwa "weka na ya kutolea".

Na hapo ndio kwenye shida niliyosema. Hela ya simu ni tamu ukiwa ndani ya nchi, ukivuka mpaka huwezi kumwambia muuza mikate wa Berlin akupe lipa namba. Kwa hiyo msafiri hakwepi kadi na keshi, na mimi msimamo wangu ni kadi mbili za benki tofauti, zikae mifuko tofauti, na keshi ya kukutosha siku chache. Kadi moja ikimezwa na mashine au benki ikaifunga kwa sababu imeona unatoa hela nchi usiyoizoea, unabaki na nyingine. Na ukitaka kukodi gari hakikisha moja ni ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, kampuni nyingi hazitaki kadi ya kawaida, zinataka kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana mpaka urudishe gari.

Kitu kinachowaliza watu kimya kimya ni lile swali la ATM. Unakuja likizo Dar na kadi ya huku, unaomba laki nne, mashine inakuuliza kwa upole kabisa, ukatwe kwa euro au kwa shilingi? Watu wanabonyeza euro kwa sababu ndio namba wanayoielewa, na hapo ndio unapigwa, maana mashine inabadilisha kwa rate yake yenyewe. Chagua siku zote hela ya nchi uliyosimama, Dar shilingi, Berlin euro, na swali hilo hilo linakuja kwenye mashine za kulipia hotelini. Halafu usishangae ukipewa mzigo, noti yetu kubwa ni elfu kumi, laki nne ni noti arobaini na mashine nyingi hazitoi zaidi ya hapo kwa mara moja, ukitaka zaidi unarudia na makato yanarudia.

Kuna wenzangu wa huku kabla ya kuja Bongo wanakimbilia kununua dola. Ya nini? Unapoteza ukibadilisha euro kwenda dola, unapoteza tena dola kwenda shilingi, wakati euro inabadilishwa vizuri tu. Na dola zenyewe wanazikagua, zilizochapishwa kabla ya 2009 unaweza kukataliwa au ukapewa bei ya chini, noti ndogo ndogo nazo zina bei yake mbaya, hata kama Marekani yenyewe inazitambua zote. Tena tangu 2025 kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania ni marufuku, kwa hiyo ile ya kutembea na dola ukijiona mtalii imeisha.

Bahasha za watu je? Ukisikika tu unaenda nyumbani unaletewa bahasha, hii ya mama, hii ya fundi wa nyumba, hii mpe shemeji. Jumlisha kabla hujafika eapoti, ukitoka au kuingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi unatakiwa utoe taarifa forodha, na forodha wanaangalia kilichopo kwenye begi lako, hawana habari na fundi wa nani. Mimi siku hizi nakataa, waambie watume kwa simu, inafika kabla hata ndege haijaruka.

Ah, na laini yako ya Bongo usiiache ife, iweke vocha mara moja moja, maana benki ya nyumbani inatuma namba ya kuthibitisha malipo kwenye hiyo hiyo laini na bila hiyo kadi yako hailipi kitu mtandaoni.