Seva ya zamani isiguswe? Basi ipewe mwenzake

Kuna neno nimelisikia Lamu madukani, maofisini na kwenye nyumba za wageni hadi nimelichoka: "Mashine inafanya kazi, usiiguse." Mara ya mwisho aliniambia mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Langoni. Mimi humwita Ami. Seva yake, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu za duka, ina SQL Server 2008 R2, programu ya hifadhidata ya Microsoft; imeshika vumbi la saruji na chumvi ya bahari, na kwa kweli ilikuwa ikifanya kazi.

Mashaka yalianzia kwa bintiye aliyeko Mombasa. Alichukua nakala ya hifadhidata ya duka, akairejesha kwenye laptopu yake yenye toleo la 2019, akafunga hesabu za mwaka kwa wiki mbili huku mauzo ya Lamu yakiandikwa daftarini. Alipomaliza akatoa bekapu, akaitia kwenye flashi, flashi ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikafika mkononi mwangu. Nikajaribu kuirejesha. Kosa namba 3169: toleo lililotoa bekapu hii halipatani na seva hii.

Nikadhani flashi imeharibika, nikaagiza nyingine. Siku mbili zikaenda bure. Lau ningetulia nikatumia amri ya RESTORE HEADERONLY, ambayo husoma kichwa cha faili bila kurejesha chochote, ningeliona toleo limeandikwa pale pale.

Bekapu ya SQL Server hupanda, haishuki. Ukirejesha faili ya zamani kwenye seva mpya, muundo wake wa ndani hupandishwa papo hapo, na bekapu utakayotoa hapo seva ya zamani haiitaki tena. Hata 2008 R2 na 2008 tupu, majina kama pacha, faili ya R2 haiingii kwenye 2008 tupu. Wengi hukimbilia kushusha kiwango cha upatanifu, mpangilio unaoiambia seva mpya ifuate desturi za toleo la zamani, hadi 100, yaani cha 2008 (nami nilikimbilia), lakini hicho hubadili tu namna seva inavyotekeleza maagizo. Muundo wa faili hakiugusi. Kurudi nyuma kwa lazima ni kutoa majedwali na data zake kama skripti, kisha kuzimimina upya upande wa pili. Inawezekana, ila ni sawa na kuhamisha ghala zima la saruji kwa punda mmoja. Na si SQL Server peke yake: faili iliyotolewa MySQL 8.0, programu nyingine ya hifadhidata, mara nyingi hukwama kwenye toleo lake la 5.7 kwa sababu ya mpangilio wa herufi uitwao utf8mb4_0900_ai_ci, ambao 5.7 haiujui.

Nikamwambia Ami tusirudi nyuma, tupande. Muda wa toleo lake kuhudumiwa ulikwisha tarehe 9 Julai 2019.

"Na ukiivunja, mwanangu?"

Hapa niko upande wa wazee, dhidi ya mafundi wenzangu. Hofu yake ni ya haki. Kupandisha toleo juu ya mashine ile ile iliyobeba duka ni ujinga, hata kama programu yenyewe inaruhusu. Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, hawakalafati chombo kikiwa majini na shehena ndani. Nami sikuigusa seva ya Ami. Nilileta mashine ya pili yenye toleo la 2019, lile la bure, lenye kikomo cha GB 10 kwa kila hifadhidata. Ya Ami haikufika hata GB 3.

Faili ya bintiye ikaingia bila kelele. Nikaikagua kwa DBCC CHECKDB, amri ya kupima uzima wa hifadhidata, safi. Nikafungua programu ya duka: ikagoma. Hili huwashangaza wengi. Majina ya kuingilia kwenye seva hayamo ndani ya bekapu ya duka, yamo kwenye hifadhidata ya mfumo iitwayo master. Ikabidi niyaunde upya na kuyaunganisha na watumiaji waliokuja na faili. Kazi ya dakika kumi ukiijua, ya kukesha usipoijua.

Kijana wa duka akaingiza mauzo ya daftarini, Ami akasimama ghalani akihesabu mifuko ya saruji kwa kidole na kulinganisha. Mifuko mitatu haikuonekana. Hiyo ilikuwa kesi ya kijana, si ya seva.

Mashine ya zamani bado iko chini ya meza, inawaka. Ami kaniambia nisiizime mpaka mwezi uandame. Sikubishana naye.