Hunyadi na zile hekta milioni 2.3: alikuwa mla ardhi kweli?

Ukimtaja János Hunyadi, kabaila na jemadari wa Hungaria wa karne ya 15, kwa mtu anayeifuatilia historia ya Ulaya ya Kati, hamfiki mbali kabla hajakutupia ile namba ya ardhi aliyomiliki: hekta milioni 2.3. Ngome 28, miji 57, vijiji kama 1,000 hivi. Halafu anakuangalia kama vile kesi imeisha. Hoja yake ni kwamba huyu mzee anayesifiwa kwa kuwapiga Waosmani (Waturuki) pale Belgrade mwaka 1456 alikuwa kwanza kabisa mlimbikizaji wa ardhi, vita kwake ilikuwa dili, na kila Waturuki wakisogea yeye anaongeza vijiji.

Sio hoja ya kijinga. Baba yake, Vajk, alitokea Wallachia (kusini mwa Romania ya leo), akawa askari wa nyumba ya mfalme Sigismund wa Hungaria, na mwaka 1409 akapewa ngome ya Hunyad kule Transylvania (leo Hunedoara, Romania) na vijiji vyake, yeye na ndugu zake pamoja na János aliyekuwa bado mtoto mdogo. Ngome moja, basi. Mwaka 1456 yule mtoto anakufa kwa tauni pale Zemun, wiki chache baada ya ushindi wake mkubwa, akiwa na ardhi kuliko kabaila mwingine yeyote wa ufalme wa Hungaria. Lazima mtu aulize ilitoka wapi yote ile.

Sasa tuichukue hiyo namba yenyewe maana watu wanaipitisha tu kama ilivyo. Hekta milioni 2.3 ni kilomita za mraba 23,000, yaani robo ya Hungaria ya leo, kubwa kuliko Slovenia nzima. Inatisha, sawa. Lakini hekta za nini? Hekta ni kipimo cha kisasa, kabaila wa karne ya 15 hakuwa anahesabu hivyo, yeye alihesabu ngome, vijiji, na juu ya yote idadi ya wakulima wenye viwanja vyao, kwa sababu mkulima ndo analipa, msitu haukulipi kitu. Na mali za Hunyadi zilikuwa wapi? Sehemu kubwa ni Transylvania, kaunti ya Temes kule kusini na ule ukanda wa mashariki ya mto Tisza, kwa hiyo ndani ya hiyo milioni 2.3 una milima, una misitu, una mabonde yanayojaa maji mto ukifurika, na ukishuka kusini una maeneo ambayo wavamizi walikuwa wanapita, wanachoma na kuondoka na watu. Kwenye ramani eneo ni lilelile ila kwenye hela ni kitu kingine kabisa. Hata idadi ya miji inachezacheza, wengine wanasema 57, kuna hesabu nyingine zinashuka mpaka miji kama 30 na ngome 25, kwa sababu "mji" mwingi wa wakati ule ulikuwa kijiji kikubwa chenye kibali cha soko, sasa inategemea anayehesabu anaweka mstari wapi.

Halafu kuna kitu ambacho kwangu mimi ndo kiini cha mambo na sioni kikisemwa vya kutosha: rehani. Januari 1434 Hunyadi alimkopesha Sigismund florini 1,200 za dhahabu na mfalme akaweka mali rehani kwake. Ndivyo ilivyokuwa inakwenda, mfalme hana kitu mfukoni, anakopa kwa mtumishi wake mwenyewe, anamwachia kijiji na mapato yake mpaka atakapolipa, na kulipa kwenyewe mara nyingi hakuna. Na kwa nini mfalme hana kitu? Kwa sababu Sigismund, ili akae kwenye kiti, alishagawa zaidi ya nusu ya ngome za kifalme kwa vigogo waliomuunga mkono miaka yake ya mwanzo, kabla Hunyadi hajazaliwa. Kwa hiyo ile hazina ambayo tunadhani Hunyadi aliikomba ilikuwa imeshakombwa na familia nyingine, na hao hawakuwa na mpaka wa kulinda, wala hakuna anayewakumbuka kwa hekta zao.

Yaani fikiria nafasi aliyokuwa nayo: unatakiwa ulinde mto Danube kutoka Belgrade kwenda mashariki, jeshi la kudumu la mfalme hakuna, makabaila wakiitwa vitani wanakuja na watu wao kwa muda wanaotaka na wengine hawaji kabisa, askari wa kukodiwa kutoka Bohemia wanataka hela mkononi kila mwezi. Hiyo hela inatoka wapi kama sio kwenye vijiji vyako mwenyewe?

Watetezi wa upande wa pili watasema hapana, alikuwa na vyeo vya kutosha na mapato ya kifalme. Ni kweli, mwaka 1441 mfalme Ulászló alimpa utawala wa Transylvania, Temes, zile ngome za Danube na mapato ya chumvi juu. Ila hakumpa peke yake! Alimpa pamoja na Miklós Újlaki, vyeo vilevile na chumvi ileile. Sasa hawa ni watu wawili walioanza mstari mmoja na mfuko mmoja. Újlaki alijikita zaidi magharibi, kwenye mambo ya siasa za ndani, Hunyadi akaenda mashariki, na mwaka uliofuata tu anapigana na Mezid Bey, jemadari wa Waosmani, ndani ya Transylvania, halafu Septemba anapiga jeshi jingine kubwa zaidi. Halafu ikaja 1443 na ile kampeni ndefu mpaka Niš na kuvuka, 1444 Varna ambako mfalme mwenyewe aliuawa, 1448 Kosovo wakapigwa tena. Mtu anayetafuta utajiri kwa utulivu hafanyi hivyo jamani, anafanya kama Újlaki.

Na Belgrade ndo usiseme. Sultani Mehmed anakaribia na mizinga, mfalme kijana László V na mshauri wake Ulrich Cillei wanatoka Buda, mji mkuu wa ufalme, wakisema wanaenda kuwinda, kumbe safari ya Vienna. Vigogo karibu wote wamekaa kwao. Kwenye ngome yuko Mihály Szilágyi, shemeji yake Hunyadi, na askari ambao Hunyadi amewaweka kwa gharama zake, nje kuna wakulima na watu wa kawaida waliokusanywa na mtawa Giovanni da Capestrano, wengi hawana hata silaha za maana. Hapo ndo unaona zile hekta zilikuwa zinafanya kazi gani. Zilikuwa mishahara, ngano, farasi na boti za kuvunja kizuizi cha Waosmani mtoni.

Kingine kidogo: mwaka 1446 alipochaguliwa kuwa msimamizi wa ufalme kwa niaba ya mfalme mtoto (huyohuyo László V), baraza lilimwekea mpaka, asimgawie mtu ardhi inayozidi viwanja 32 vya wakulima. Wenzake walikuwa wanamwogopa, na walikuwa na sababu, lakini ina maana pia kwamba hakuwa dikteta anayejipimia anavyotaka.

Ila kuna sehemu moja siwezi kumsafisha, nayo ni Branković.

Đurađ Branković, mtawala wa Serbia, alikuwa na mali kubwa sana ndani ya Hungaria, Debrecen ikiwemo. Mwaka 1444 alitaka amani na Sultani ili arudishiwe nchi yake, na ili Hunyadi aunge mkono akamwachia ngome ya Világos na vijiji vyake zaidi ya 100. Amani ikafungwa, Branković akarudishiwa Serbia, na miezi michache tu baadaye jeshi la Hungaria likavunja kiapo na kwenda Varna, Hunyadi akiwa mbele. Világos haikurudi. Halafu akaendelea kumnyang'anya na nyingine. Mwaka 1448, baada ya kushindwa Kosovo, anakimbia kupitia Serbia na nani anamkamata? Branković mwenyewe. Anadai florini 100,000 za kikomboleo na mali zake zote zirudi, na László mtoto mkubwa wa Hunyadi akabaki kama dhamana. Alipotoka Hunyadi akaanza kumpiga vita tena. Mwaka 1451 wakaelewana kwamba Branković anaruhusiwa kuzikomboa kwa florini 155,000. Mali zake mwenyewe, azinunue! Unaweza kusema Branković alicheza pande zote mbili, na ni kweli alicheza, lakini mtu aliyebanwa kati ya Sultani na Buda angefanya nini kingine? Hapa hakuna hoja ya mpaka inayomwokoa Hunyadi, Debrecen haiko hata karibu na Danube.

Na Wasaksoni (walowezi wa Kijerumani) wa Beszterce pia, leo Bistrița. Walikuwa chini ya mfalme moja kwa moja wakiwa na uhuru wao, mwaka 1453 wakajikuta wamefanywa kaunti ya kurithi ya familia ya Hunyadi, ya kwanza ya aina hiyo nchini, na ngome imejengwa juu yao. Baada ya yeye kufa waliasi na ile ngome ikabomolewa. Hawa hawakumwona shujaa wa Ukristo, walimwona bwana mpya.

Kwa hiyo mimi nikipima bado naegemea kwake, kwa sababu mizani ya wakati wake ilikuwa hivi: ardhi ilikuwa lazima iwe mikononi mwa kigogo fulani, mfalme hakuwa nayo tena, na kati ya waliokuwa nayo ni huyu aliyeipeleka mpakani mwaka hadi mwaka. Namba peke yake haionyeshi hilo. Ungeweka hekta zilezile mikononi mwa Cillei au Garai, kigogo mwingine wa wakati ule, Julai 1456 Belgrade ingekuwa imeanguka, sioni njia nyingine.

Wanaopinga wana jibu moja zuri, na ni kile kilichofuata. Novemba ileile Cillei anauawa na watu wa László Hunyadi, Machi 1457 mfalme anamkata kichwa László pale Buda, na hapo mama yake, Erzsébet, na Szilágyi wanatumia mali hizohizo kukodi jeshi, safari hii dhidi ya mfalme. Mfalme akafa, na Januari 1458 Szilágyi anafika Buda na askari kama 15,000 na Mátyás, mtoto mdogo wa Hunyadi, anachaguliwa mfalme akiwa bado hajafika miaka 15. Hazina ya mpakani ikawa hazina ya ukoo. Mátyás hakuacha mtoto wa ndoa, akamwachia János Corvin, mtoto wake wa nje, mali za Hunyadi, naye akapoteza nyingi na kufa 1504. Mwaka 1509 mjane wake, Beatrice Frangepán, aliolewa na George wa Brandenburg-Ansbach, na ngome ya Hunyad ikaenda kwa mtawala wa Kijerumani ambaye baadaye aliuza mali nyingi za Hungaria ili anunue ardhi kule Silesia.